Sare ikivuliwa, kazi gani yasalia?

JUMANNE iliyopita, kabla ya jua kuchomoza sawasawa, nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha chai hapa Kongo, Kawangware, nikingojea mandazi yatoke kwenye mafuta, mama mwenye kibanda aliponiuliza swali ambalo limenifuata juma zima kama deni la dukani.

"Mwandishi," akasema bila kuyaondoa macho kwenye karai, "wewe ni mtu wa magazeti. Kijana wangu ameitwa chuo. Ati akasomee kusimamia michezo. Hiyo ni kazi kweli? Michezo nayo husimamiwa?"

Kijana mwenyewe alikuwa nyuma ya kibanda akiosha vikombe. Alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, na tangu hapo hajakosa alfajiri hata moja barabarani. Hutoka hapa Kongo gizani, akaishika Naivasha Road mpaka Ngong Road, akafika kwenye uwanja wa mbio za farasi, kisha akarudi kabla matatu za nambari 46 hazijaanza kugombania abiria. Miguu anayo, hilo halina ubishi. Chuo ndicho hakitaki. Anataka polisi.

"Anko," akaniambia huku akijipangusa mikono kwenye suruali, "Rudisha ni polisi. Yego ni polisi. Faith Kipyegon ni polisi. Sasa wewe nitajie mtu mmoja tu aliyesomea kusimamia michezo, unayemjua kwa jina."

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Mama akacheka sana, akanipa mandazi mawili na kuniambia la tatu nitalipata siku nitakayoleta jibu.

Basi leo, msomaji wangu mpenzi, naandika kulitafuta lile andazi la tatu.

Kwanza nikiri kwamba kijana hakukosea. Ukizihesabu nishani ambazo nchi hii imeleta nyumbani tangu uhuru, utakuta nyingi mno zilivishwa watu ambao nyumbani walikuwa na sare kabatini: sare ya polisi, ya magereza au ya jeshi. Na haikutokea hivyo kwa bahati. Kwa miaka mingi sheria za riadha duniani zilikataza mkimbiaji kulipwa kwa sababu ya kukimbia. Ukipokea pesa, umefukuzwa. Sasa mtoto wa mkulima, asiye na baba tajiri wa kumlisha, angekimbiaje asubuhi na jioni na bado apate ugali? Vikosi ndivyo vilivyolitatua jambo hilo. Viliajiri kijana kuwa askari, vikampa mshahara, kitanda, chakula na viatu, kisha vikampa ruhusa ya kufanya mazoezi. Nao wakubwa wa vikosi walikuwa na ushindani wao kwa wao. Mkubwa wa polisi hakulala vizuri ikiwa watu wa magereza walimshinda.

Kwa hiyo mtu akikuambia polisi ni chuo cha riadha, usimcheke. Ila mama hakuniuliza juu ya miguu. Aliniuliza juu ya siku ile miguu itakapokataa.

Mfano mkubwa tulio nao katika jambo hili ni Kipchoge Keino. Vijana wengi wanalijua jina tu, kwa kuwa wameliona limeandikwa kwenye mashindano ya Kip Keino Classic. Wengine wanadhani ni mtu mmoja na Eliud Kipchoge! Tafadhali. Keino alizaliwa mwaka 1940 huko Nandi, mama yake akafariki angali mtoto mdogo, na miaka yake ya kwanza aliipitisha nyuma ya mbuzi. Alipojiunga na polisi hakuwekwa barabarani kusimamisha magari. Alipelekwa Kiganjo, karibu na Nyeri, kwenye baridi ile ya Mlima Kenya, kuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi.

Naomba msomaji alishike neno hilo "mkufunzi", kwa maana nitalirudia.

Kutoka Kiganjo ndipo mambo yalipoanza. Mwaka 1964 alikuwa wa tano katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mwaka uliofuata akashinda mita 1,500 na mita 5,000 katika Michezo ya kwanza ya Afrika, ambayo ilifanyika Kongo. (Si Kongo hii yetu ya Kawangware, bali ile ya Brazzaville, ingawa nimewahi kumsikia mzee mmoja kinyozini akiapa kwamba alimwona Keino akipita hapa.) Mwaka huo huo wa 1965 alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000, akaipunguza kwa zaidi ya sekunde 6, kisha akavunja na ile ya mita 5,000.

Halafu Mexico, 1968. Alikuwa mgonjwa wa nyongo na madaktari walimkataza kukimbia. Katika mita 10,000 maumivu yalimwangusha. Katika 5,000 alipata fedha. Siku ya fainali ya mita 1,500, tarehe 20 Oktoba, gari lililombeba likakwama kwenye msongamano, akashuka na kwenda uwanjani mbio kama karani wa Kawangware aliyechoka kungoja matatu ya Valley Road. Alipofika akamshinda Jim Ryun wa Marekani kwa karibu mita 20, kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Mwaka 1972 huko Munich akapata dhahabu nyingine, ya kuruka viunzi na maji, mbio ambazo hakuwa amezizoea.

Hayo yote yameandikwa mara nyingi na sina haja ya kuyapamba. Mimi nilichokitafuta juma hili ni kile kilichofuata baadaye, kwani hapo ndipo lilipo swali la mama.

Alipoacha mbio za ridhaa mwaka 1973, Keino alikuwa na umri wa miaka 33. Huo ndio umri ambao sisi wengine tunaanza kuaminiwa kazini. Angeweza kukaa akasimulia habari za Mexico mpaka leo, na watu wangemnunulia chai. Badala yake alikwenda Eldoret. Akafungua duka la vifaa vya michezo. Akanunua shamba ambalo likaitwa Kazi Mingi, na nadhani hakuna shamba nchini lenye jina la kweli zaidi. Yeye na mkewe Phyllis wakaanza kuchukua watoto yatima nyumbani kwao, mmoja, wawili, watatu, hata kwa miaka ile yote wakapita mia moja. Baadaye akawafunza wakimbiaji wa timu ya taifa. Mwaka 1999 shule ya msingi yenye jina lake ikafunguliwa, na mwaka 2009 ikafuata ya upili. Hapo kwake kukawa na kituo cha mazoezi ambapo wanariadha kutoka nchi nyingine walikuja kuzoea hewa nyembamba ya milimani. Mwanawe Martin alikwenda Chuo Kikuu cha Arizona na mwaka 1994 akashinda mbio za nyika za vyuo vyote vya Marekani.

Mwaka ule ule wa 1999 polisi huyu wa zamani akawa mwenyekiti wa Kamati ya Olimpiki ya Kenya, kiti alichokikalia mpaka 2017. Toka mwaka 2000 hadi 2010 alikuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Sasa turudi kwenye neno "mkufunzi". Kazi ya Keino ya kwanza haikuwa kukimbia peke yake. Ilikuwa kusimama mbele ya vijana baridi ikiwauma, kuwapanga safu, kujua nani ni mgonjwa na nani anajifanya, na kuhakikisha waliotoka asubuhi ndio waliorudi. Mtu aliyefanya hivyo kwa miaka hashangai akikabidhiwa bweni la watoto au shule. Kazi ni ile ile, sare tu ndiyo iliyobadilika. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo tofauti kati yake na askari wengine waliokimbia vizuri kama yeye lakini kikosini wakafanywa farasi wa mbio tu: wakimbie, wale, walale, wakimbie tena.

Jirani zetu wa Uganda walikuwa na John Akii-Bua, polisi pia. Mwaka 1972 huko Munich alishinda mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, akitokea njia ya kwanza ya ndani ambayo wakimbiaji huiogopa. Miaka saba baadaye, utawala wa Amin ulipoanguka, alikimbilia hapa Kenya na jamaa yake, akawa mkimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kufika Ujerumani. Alirudi nyumbani baadaye, akaingia tena polisi kufunza wakimbiaji, na mwaka 1997 akafariki akiwa na umri wa miaka 47. Serikali ilimzika kwa heshima kubwa. Mimi huwa najiuliza ile heshima ingekuwaje lau angepewa nusu yake akiwa hai, kwa sura ya ofisi, simu na watu wa kuwaongoza.

Alhamisi nilivuka Ngong Road nikaenda upande wa Kibera kumtafuta mzee mmoja ninayemfahamu, sajenti mstaafu wa polisi. Jina lake nitaliweka akiba kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kelele. Anakaa si mbali na steji ya Olympic. Ndiyo, Kibera tuna steji inayoitwa Olympic, na mzee husema yeye ndiye polisi pekee anayelala Olympic kila siku bila kufuzu.

Ukipita Kibera ukielekea kwake huwezi kusahau kwamba mtaa huu wote ulianza na askari waliovua sare. Wanubi waliopigana katika jeshi la Keya waliruhusiwa na Waingereza kukaa hapa, penye msitu, mwanzoni mwa karne iliyopita. Walipewa ruhusa, hawakupewa hati. Wajukuu na vitukuu vyao waliidai hati hiyo mpaka mwaka 2017, serikali ilipowapa ya ekari 288. Miaka mia moja na ushei! Ndiyo maana mtoto wa Kibera akisikia mtu akisema "kikosi kitakutunza baadaye" hutabasamu kidogo.

Mzee wangu huyu hakuwa mkimbiaji mashuhuri. Alikimbia mbio za nyika za polisi pale pale Ngong Racecourse, na anakiri kwamba siku yake nzuri kuliko zote alikuwa wa ishirini na kitu. Alipostaafu, chuo kimoja hapa jijini kilimwajiri kuwa mlinzi wa lango. Mwaka wa pili mkuu wa wanafunzi akamwomba aangalie stoo ya michezo, kwa sababu mipira ilikuwa ikitoweka. Leo ndiye anayezipeleka timu za chuo mashindanoni: anakodisha basi, anahesabu jezi, anajaza fomu za wachezaji, na anaangalia kama kila jina kwenye orodha ni la mwanafunzi wa kweli aliyelipa karo au ni la mchezaji wa kuazimwa kutoka mtaani.

"Umejifunzia wapi haya?" nikamuuliza.

Akaenda kwenye kabati, akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu. Ndani yake, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mwenye kiboko, kuna mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, saa, kitu kilichotoka, aliyekichukua, sahihi, kitu kilichorudi. Jezi 22 zimetoka. Jezi 21 zimerudi. Moja imechanika, tazama ukurasa wa 46.

"Hii ni OB," akasema.

Msomaji aliyewahi kuibiwa simu anaijua OB, kile kitabu cha kituo cha polisi ambamo kila jambo lazima liingizwe na kupewa nambari. Tumezoea kukilaani, kwa sababu mtu huandikiwa nambari halafu akaambiwa aende nyumbani angoje. Mzee anakitazama kwa jicho tofauti. Anasema miaka yake yote kituoni jambo moja lilimkaa rohoni: lisiloandikwa halikutokea. Askari wa zamu ya usiku anaikabidhi zamu ya asubuhi mahabusu, bunduki, risasi na tochi, kimoja kimoja, na kila mmoja anatia sahihi. Kikipotea kitu, inajulikana kilipotea kwa zamu ya nani.

"Michezo ya chuo ni vivyo hivyo," akaniambia. "Watu wanafikiri ni filimbi. Filimbi ni dakika 90. Hayo mengine ni karatasi."

Nilipomweleza habari za kijana wa Kongo, hakujibu upesi. Alimimina chai kwanza. Halafu akasema neno lililonifanya niandike ukurasa huu: "Mwambie asiogope sare, wala asiitegemee. Mimi polisi ilinipa daftari. Kuna wenzangu iliwapa viatu tu, na viatu huisha."

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo ningelificha ningekuwa naandika sifa tupu. Usiku wa tarehe 5 Agosti 2016, huko Rio, Keino aliingia uwanjani akiwa amezungukwa na watoto wenye vishada vyeupe, akawa mtu wa kwanza duniani kupewa tuzo ya Olympic Laurel, kwa kazi aliyofanya kwa watoto na elimu. Mimi nilikuwa mbele ya televisheni na sioni aibu kusema nililia.

Lakini katika siku hizo hizo, Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki na polisi kama alivyokuwa Keino, alikuwa amejikuta uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akitakiwa kusafiri kwenda Rio huku tiketi yake haipo. Alifika hatimaye, akaleta fedha. Wengine walilalamikia sare. Baada ya michezo serikali ikatangaza kuivunja kamati, wapelelezi wakaingia, na mwaka 2018 jina la Keino mwenyewe likatajwa pamoja na ya wengine katika kesi ya fedha za Rio. Upande wa mashtaka uliamua baadaye asishtakiwe. Wengine waliendelea na kesi, na mwaka 2021 mahakama ikatoa hukumu.

Sisemi kosa lilikuwa lake. Ninalosema ni kwamba polisi alikosa tiketi huku ofisi ikiongozwa na polisi wa zamani, na pengo lililokuwa kati yao ni lile lile analolizungumzia mzee wa Kibera. Moyo mkubwa hauwezi kujaza mahali pa daftari. Mtu anaweza kulea yatima zaidi ya mia na bado ofisi yake ikashindwa kujibu swali dogo: jezi ngapi zimetoka, ngapi zimerudi, na nani alitia sahihi?

Kwa hiyo mama, ndiyo. Michezo husimamiwa. Na isiposimamiwa tunaona.

Kijana naye alitaka jina, na sasa ninayo. La kwanza ni Mike Boit. Huyu alipata shaba katika mita 800 huko Munich, akasoma katika vyuo vya Marekani mpaka shahada ya udaktari, na tukamnyima Olimpiki mbili kwa kususia, ya 1976 na ya 1980. Alirudi nyumbani, akawa Kamishna wa Michezo katika miaka ya 1990, na akawa profesa wa mambo ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hakumtegemea mkuu wa kikosi ampe nafasi. Alikuwa na karatasi zake mkononi.

La pili si la Mkenya, lakini Wakenya wawili walipita mikononi mwake. Robert Ouko na Julius Sang, waliokuwa katika timu yetu ya kupokezana vijiti iliyoshinda dhahabu Munich pamoja na Charles Asati na Hezahiah Nyamau, walisoma chuo cha North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi mjini Durham. Kocha wao hapo aliitwa Leroy Walker. Walker alianza na saa ya kupimia muda uwanjani. Mwaka 1983 akawa mkuu wa chuo kizima, na toka 1992 mpaka 1996 akaongoza Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Ouko aliporejea nyumbani alikuja kuwa katibu wa chama chetu cha riadha.

Kule kwao chuo chenye timu huwa na ofisi nzima ya michezo yenye mkurugenzi wake. Kuna anayeshughulikia ufadhili wa masomo, anayechunguza alama za darasani ili mchezaji aliyeanguka mtihani asipande basi, anayepanga safari, na anayelipa madaktari na dobi. Chama cha michezo ya vyuo vyao kimekuwapo tangu 1906. Siwapambi, wana kashfa zao, na nyingine ni kubwa kushinda zetu. Lakini mwanafunzi wa huko haoni ajabu mtu akisema amesomea kusimamia michezo, jinsi sisi tusivyoona ajabu mtu akisema amesomea uhasibu.

Hapa kwetu, vyuo vingi ambavyo nimevitembelea kwa kazi hii vina ofisa wa michezo mmoja, mwenye meza moja na ufunguo mmoja wa stoo. Akiugua, timu haisafiri. Ukiuliza bajeti unaambiwa "tutaona." Wakuu wa vyuo hulikumbuka jina lake siku ya kombe, wapigwe picha.

Jumamosi, yaani jana, nilimchukua kijana wa Kongo tukaenda naye chuoni kwa mzee. Nilimwambia mama ni matembezi tu. Mzee hakumsalimu kwa maneno mengi. Alimtazama miguu, akamtazama uso, akamuuliza, "Unajua kuhesabu?" Kijana akasema anajua. Akamfungulia stoo, akamwonyesha mifuko minne ya jezi zilizorudi kutoka mashindano ya juzi, akampa daftari na kalamu ya bluu.

Saa moja baadaye kijana akatoka na kusema jezi ni 43. Mzee akamwambia zinatakiwa kuwa 44. Akarudi ndani. Akatoka tena: 43. Mzee akachomoa kiti, akaketi mlangoni kama mtu wa zamu, akasema hakuna atakayekwenda nyumbani. Mimi nikaanza kuangalia saa, maana nilikuwa na ukurasa huu wa kumaliza.

Ilipofika karibu saa kumi na moja jioni, kijana, jasho likimtoka kuliko anapotoka Ngong Road, akaipata jezi nambari 9 ikiwa imekunjwa ndani ya soksi ya mlinda lango. Akaiandika mwenyewe, tarehe na saa, akatia sahihi. Njiani hakusema kitu mpaka tulipokuwa tukiingia Kawangware. Kisha akauliza, "Anko, huko polisi, mtu akishaandikwa, anaweza kuomba apelekwe kwenye hiyo kazi ya stoo? Ama ni lazima kwanza mtu awe amesoma?"

Nilimwambia aulize kwa mzee. Mama alikuwa amefunga kibanda tulipofika, lakini ndani ya karai kulikuwa na andazi moja limefunikwa kwa karatasi. Barua ya chuo bado iko juu ya kabati lake, na tarehe ya mwisho ya kujibu ni Ijumaa.